Spika Mbili na Ukuta wa Mama

Spika ya kwanza ilipita mlangoni bila shida, imelazwa kwa ubavu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ya pili ilikwama. Wachukuzi waliigeuza hivi na vile, wakapeana pole, wakalaumiana, mwisho mume wa nyumba akaleta bisibisi, akaung'oa mlango kwenye bawaba na kuuegemeza nje. Spika ikaingia. Mlango ulirudishwa jioni ileile, lakini tangu hapo haukukubali kufunga ila kwa kusukumwa na goti.

Zilikuwa spika za kusimama sakafuni, nyeusi, zinazomfika mtu mzima kifuani. Sebule ilikuwa ndogo. Kulikuwa na kochi la watu watatu ambalo wakikaa watatu yule wa katikati hana pa kuweka viwiko, kabati la vyombo lenye milango ya vioo, televisheni juu ya meza yake, na pembe moja tupu kando ya dirisha. Pembe hiyo haikuwa tupu kwa bahati. Mke wa nyumba alikuwa ameilinda kwa miezi mingi, akikataa isiwekwe ndoo, isiwekwe baiskeli ya watoto, isiwekwe hata cherehani yake mwenyewe, ambayo ilikaa kwenye korido na kumgonga nyonga kila aliyepita.

Alikuwa fundi nguo, na pembe ile aliipima kwa futi aliyozoea kuivaa shingoni. Kitanda chembamba kingeingia. Kikishaingia ingebaki nafasi ya kupitisha pazia, basi. Kitanda kilikuwa cha mama yake, aliyeishi peke yake katika mji mwingine, safari ya kulala njiani, kwenye chumba cha matofali ya udongo alichopanga tangu alipofiwa na mumewe. Kifua kilikuwa kinamsumbua. Mke alikuwa amemwomba mumewe wamlete, na mume hakukataa. Hakuwa na tabia ya kukataa. Kila alipoombwa aliitazama pembe, akakuna shingo, akasema, "Nafasi, mama watoto. Tatizo letu nafasi. Tutaangalia."

Na nafasi ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alikuwa mtunza stoo katika ghala la samani, na wapakiaji wa pale walimwita Panatosha. Lori likija na makabati wakati ghala limejaa hadi mlangoni, wapakiaji wakishika viuno na kusema safari hii haiwezekani, yeye aliingia, akatazama, akahamisha meza moja hapa na viti vinne pale, akasema, "Panatosha." Na pakatosha. Sifa hiyo aliiacha kazini pamoja na koti lake la kazi.

Kesho yake alikuja fundi wa kuzipanga spika. Yeye alijulikana kwa jina la Masikio, na alilistahili kwa sura na kwa ujuzi. Hakugusa kitu kwanza. Alivua viatu, akazunguka sebule akipiga makofi, kofi moja kila pembe, kisha anainamisha kichwa kusikiliza kofi linavyorudi. Alipolipiga karibu na kabati, vikombe vilijibu. Akatikisa kichwa.

"Mzee," alimwambia Panatosha, "spika ni kubwa na chumba ndicho hiki. Ukizibana ukutani zinakoroma. Ukizisogeza kabatini zinaimba na vikombe. Zinataka kupumua, mgongoni na ubavuni. Halafu hapo ulipokaa, mpaka spika hii, mpaka ile, na kati yao wenyewe, iwe sawasawa. Hapo ndipo sauti inasimama."

"Inasimama wapi?"

"Katikati. Hapo kwenye televisheni. Mtu akiimba unamsikia kasimama pale, mzima. Spika ikikaa vibaya, anakuja vipande vipande."

Kamba yake ya kupimia alikuwa ameisahau. Akaiona futi shingoni mwa mke, akaiomba kwa adabu, na mke akaivua akampa. Masikio alipima kutoka kochini, akachora alama za chaki sakafuni, akafuta, akachora nyingine. Spika ya kushoto ilipata makazi upesi. Ya kulia ilihangaika kama mpangaji asiyependwa, na kila ilipowekwa Masikio alikunja uso. Mwishowe akaenda kusimama kwenye pembe ya dirisha, akapiga kofi, akatabasamu.

"Ni hapa."

"Hapo pana mtu," mke alisema.

Masikio alitazama miguuni pake, asije akawa amemkanyaga. "Nani, shemeji?"

"Mama yangu. Atakuja."

"Akija tutaisogeza," alisema Panatosha. "Pembe haiwezi kukaa bure inamsubiri mtu ambaye hajapanda hata basi."

Mke alitaka kumwambia kwamba hajapanda basi kwa sababu hajaitwa. Mama yake alikuwa na msimamo wake, na alikuwa ameshausema zaidi ya mara moja: "Mimi siendi kukaa kwa mkwe kwa kuitwa na mwanangu. Aniite mwenyewe. Neno lake moja tu, nafunga mzigo." Neno hilo ndilo Panatosha alilokuwa bado anaangalia. Basi spika ikanyanyuliwa, ikawekwa pembeni kwenye chaki.

Masikio aliweka wimbo wa majaribio, mwanamke anaimba na gitaa tu. Akakaa kochini katikati, akafumba macho. Akainuka, akaigeuza spika ya kulia uso wake uelekee kochini kidogo. Akakaa. Akainuka tena. Kila alipoigusa, mwimbaji alisogea kidogo kutoka dirishani kuja televisheni, mpaka akafika, akasimama, na sauti yake ikawa nzima. Kisha, chini ya wimbo, kikasikika kikohozi.

Kilikuwa kikohozi kizito, cha kutoka chini kabisa ya kifua, na kwa ukubwa wa spika zile kilitikisa vioo vya kabati. Mke alikitambua kabla hakijaisha. Kati ya spika na spika, mbele ya televisheni, alisimama mama yake, amevaa gauni lake la maua yaliyofifia, sufuria mkononi, akitafuta kifuniko. Nyuma yake ulionekana ukuta wa chumba chake, miguu ya kitanda, na jiko dogo. Mwili wake ulipitisha mwanga kidogo, hivyo namba za stesheni kwenye kioo cha televisheni zilisomeka tumboni mwake. Alikipata kifuniko, akafunika sufuria.

"Huyo kasimama barabara," Masikio alisema, akaanza kukusanya vifaa vyake. "Nyumba nyingine mazulia yanameza, wanabaki na kivuli tu."

"Anatusikia?" Panatosha aliuliza. Alikuwa ameshairudisha miguu yake chini ya kochi na kufunga kifungo cha juu cha shati.

"Spika kazi yake kutoa, mzee, si kupokea. Ukitaka akusikie, mpigie simu."

Mke alimpigia. Mama yake aliweka sufuria chini, akajifuta mikono kwenye gauni, akaitoa simu chini ya mto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo? Mkwe wangu hajambo?"

"Hawajambo. Kifua kinaendeleaje?"

"Kifua gani tena? Kilishapona." Hapo mama aliisogeza simu mbali, akaziba mdomo kwa kiwiko, akakohoa mpaka akainama. Vikombe vikalia kabatini. Akairudisha simu sikioni. "Mimi mzima wa afya. Nipo tu."

"Na chumba, mama?"

"Chumba kizuri. Kikavu."

Nyuma yake, kutoka juu kabisa hadi karibu na kitanda, ukuta ulikuwa na ufa ambao mtu angeweza kutia kidole. Mke aliagana na mama yake kwa sauti ya kawaida. Kisha akakaa sakafuni. Alikuwa ameogopa, na woga ule haukuwa wa kumwona mama yake mahali asipokuwepo. Aliogopa kwa sababu mara zote alizosikia "nipo tu" aliamini, na sasa alikuwa ameona "nipo tu" ilivyo.

Aliyesumbuliwa zaidi siku za mwanzo alikuwa Panatosha. Alikuwa amezinunua spika zile kwa ajili ya mpira, na haiwezekani mwanamume kutazama mpira kwa raha akiwa amevaa fulana huku mama mkwe amesimama golini. Alikaa wima. Alivaa shati la mikono mirefu. Timu yake ilipofunga alishangilia kwa kunong'ona. Hakuweza kuvumilia, akamwita Masikio arudi azipange upya kwa namna ambayo mkwe hatasimama.

Masikio alijaribu. Zikiwekwa karibu na televisheni, mama aliondoka, lakini mtangazaji alisikika kama anazungumza ndani ya pipa. Zikiwekwa pande zote za kochi, mama aliondoka, lakini mlango wa chumba cha watoto haukufunguka, na mmoja wao alikuwa ndani. Moja ikipelekwa korido, ilibidi cherehani ihamie bafuni.

"Mzee, chumba hiki kina mahali pamoja tu," Masikio alisema. "Pakiwa pazuri, anasimama. Asiposimama, ujue si pazuri."

Panatosha alisikiliza kipindi cha kwanza cha mechi kwa sauti ya pipa. Wakati wa mapumziko akasema zirudishwe kwenye chaki.

Mke ndiye aliyezirudisha, akisaidiana na Masikio, na ndiye aliyeziwasha. Katika saa ile moja bila mama yake sebuleni aligundua kwamba woga wa kumwona ulikuwa mdogo kuliko woga wa kutomwona. Tangu siku hiyo hakutaka spika zizimwe. Aliisogeza cherehani mpaka mdomoni mwa korido, akashona huku jicho moja liko kwenye pindo na jingine kwenye ufa. Mishono yake, iliyokuwa na sifa mtaa mzima, ikaanza kwenda upogo, na wateja wakampa pole bila kuuliza.

Kuzoea ni shule isiyo na ada. Watoto walijifunza kumzunguka bibi yao wanapokwenda kuchukua rimoti. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye sauti kubwa na roho nzuri, alikuja kuazima pasi, akasimama mlangoni na kusema, "Shikamoo mama."

"Hasikii," mke alimwambia.

"Basi msalimie. Mbona kakonda?" Jirani alisogea, akainama, akachungulia nyuma ya bibi. "Na huo ufa je? Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga hawakukosea."

"Mwambie baba watoto," mke alisema.

"Nimesikia," Panatosha alijibu kutoka kochini. "Ila ukuta wenyewe si wangu. Mwenye nyumba wake yupo."

Usiku huo walipokuwa wanakula, mke aliweka kijiko chini. Alikuwa amejipanga tangu asubuhi, amepiga moyo konde, na bado maneno yalitoka yakiwa yamepauka.

"Umeuona ufa wewe mwenyewe."

"Nimeuona."

"Basi tumlete, baba watoto. Neno lako moja tu. Mpigie umwambie, mama, njoo."

"Aje alale wapi?"

"Pale pembeni. Spika itolewe."

Panatosha alitafuna, akameza. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu, maana hasira ina mwisho wake. "Ikitolewa spika, utamwona wapi?"

"Nitamwona kitandani! Atakuwa kalala pale!"

"Safari yenyewe ni ya kulala njiani. Mtu wa kifua. Siku zote hizo mbili spika zimezimwa, hujui yuko wapi, hujui kafikaje. Utaweza?" Akaelekeza kijiko mbele ya televisheni, ambako mama mkwe alikuwa anakula pia, ameketi ukingoni mwa kitanda, sahani juu ya magoti. "Na mama watoto, hebu tazama. Tunakula naye. Tunalala yuko, tunaamka yuko. Watoto wanamjua bibi yao. Si yupo hapa hapa? Yupo, na hachukui nafasi."

Mke aliona siku mbili za spika zilizozimwa. Aliona sebule yenye pembe tupu na katikati tupu. Akaokota kijiko.

Kwa haki ya Panatosha, isemwe kwamba alipiga simu. Alipiga siku ya mapumziko, mchana, baada ya kuombwa tena na tena, na mke alisimama karibu naye. Mbele yao mama aliisikia simu, akaitazama, akaona ni ya mkwe. Akajifunga kitambaa kichwani kwanza. Akanyoosha gauni. Kisha akapokea akiwa amesimama wima, mkono mmoja kifuani, kama mtu aliyeitwa mbele za watu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba baba. Marahaba sana."

"Hali yako?"

"Sijambo, baba. Mzima kabisa. Namshukuru Mungu."

Panatosha alikuna shingo. Aliitazama spika ya kulia, aliyokuwa ameifuta vumbi asubuhi ile kwa kitambaa laini. Mama mkwe alisubiri. Macho yake yalikuwa yanatazama mahali fulani juu ya bega la Panatosha, na midomo yake ilikuwa imeshaanza kutengeneza neno la shukrani.

"Haya, mama," Panatosha alisema. "Tunakuona."

"Ahsante, baba," mama akasema. "Mungu awabariki."

Simu ilikatwa. Mama alibaki amesimama na simu mkononi muda mrefu. Baadaye alikifungua kile kitambaa kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya mto. Mke alikwenda korido, akakaa kwenye cherehani bila kushona.

Mvua zilianza upande wa mama kabla ya upande huu. Sebuleni jua liliingia kupitia dirisha na kukaa sakafuni, na papo hapo, kati ya spika na spika, mvua ilinyesha juu ya bati kwa kishindo ambacho besi ya spika ilikiongezea uzito. Panatosha alisifu. Alisema katika maisha yake hajawahi kusikia mvua safi namna ile, kila tone na mahali pake. Mke alikadiria upana wa ufa kwa macho. Kidole kimoja kingeingia. Siku chache baadaye vingeingia viwili. Mama aliziba kwa matambara, kisha kwa gazeti, kisha kwa kipande cha gauni ambalo mke mwenyewe alilishona na kumtumia. Aliweka beseni chini ya tone moja na sufuria chini ya jingine. Alikisogeza kitanda mbali na ukuta, kwa kukivuta upande mmoja, kupumzika, kisha kuvuta upande wa pili, na binti yake alisimama mbele ya televisheni, mikono hewani, asiweze kumshikia hata mguu wa kitanda.

"Mama, ukuta unasemaje?" alimwuliza kwenye simu.

"Ukuta upi?" mama alijibu, mgongo wake ukiwa umeuegemea.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Mke alilala nguo zikiwa mwilini. Kijiko kikianguka jikoni aliruka, mlango ukisukumwa kwa goti aliruka, na alipokwenda sokoni alirudi akikimbia nusu ya njia na nusu ya chakula cha watoto kikiwa hakijanunuliwa. Aliwaza kwenda mwenyewe kumchukua kwa nguvu. Lakini mama yake alikuwa ameshasema, na kwa mama yule neno likisemwa limesemwa. Na hata angekwenda, angemleta wapi?

Kisha umeme ukakatika. Ilikuwa jioni, watoto walikuwa wanafanya kazi zao za shule mezani. Taa ilizima, televisheni ilizima, spika zikatoa mshindo mmoja mdogo zikanyamaza, na mama akaondoka akiwa katikati ya kuinua beseni. Kitu cha mwisho mke alichosikia ni mlio mkavu, kama kijiti kinachovunjwa, kutoka ukutani kule.

Alipiga simu, haikupatikana. Alipiga tena. Panatosha alitafuta mshumaa, akasema umeme utarudi, akasema watu wazima hawafi kwa ufa. Mke alikaa sakafuni kati ya spika mbili zilizokufa, akiwa ameikumbatia ile ya pembeni kwa mikono yote miwili kama mtu anayeomba msamaha. Watoto walikuja kumkalia karibu, mmoja huku na mmoja kule.

Umeme uliporudi, mama alikuwepo. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunika shuka, macho wazi. Ukuta nyuma yake ulikuwa umeingia ndani, umetoka tumbo, na udongo ulikuwa unadondoka kidogo kidogo kwenye sakafu. Mke hakufikiri. Alivuka mbele ya mama yake, akapita kati yake na televisheni, akanyoosha mikono kama mtu anayetaka kumzuia ng'ombe.

Mikono ikagota.

Ulikuwa ukuta wa chumba cha mama. Ulikuwa baridi na umelowa, na chini ya viganja vyake ulikuwa unasogea polepole, kama mtu mzito anayejigeuza usingizini. Alisukuma. Aliweka bega. Ukuta ulipumua, ukarudi nyuma kidogo, ukasimama. Nyuma yake alisikia mama yake akilala na kuvuta shuka.

Panatosha alimtazama. Alitazama pia viatu vya mkewe, ambavyo vilikuwa vinakanyaga alama ya chaki.

"Angalia usiisogeze spika," alisema.

Tangu hapo ndivyo ilivyokuwa. Mvua ikianza kule, mke aliacha cherehani, akaenda kusimama kati ya spika na spika, nyuma ya mama yake, akaweka viganja na bega. Mvua ikikatika aliondoka na kunawa udongo. Hakuna aliyeliona kuwa jambo la kuulizwa. Jirani alimshonea vifungo vya wateja wa haraka. Watoto walimletea uji, wakamnywesha kwa zamu, wakamfuta mdomo. Masikio alipita siku moja kukagua nyaya, akamkuta pale, akapiga kofi moja, akasikiliza, akasema sauti haijaharibika, ila shemeji asipanue viwiko. Woga haukuisha. Ulihamia mikononi, na mikono ilikuwa na kazi.

Kulikuwa na siku ya mechi kubwa. Panatosha alikuwa amewaalika wapakiaji wawili kutoka ghalani, wamejibana naye kochini, vinywaji magotini. Kule kwa mama mvua ilikuwa ya kukata na shoka. Mke alikuwa amesimama tangu mchana. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi na maji ya udongo yalikuwa yanamteremka kwenye kwapa hadi kiunoni. Alikuwa anaogopa kupiga chafya.

Kwa mama mlango ulibishwa, akaingia jirani yake wa kule, mwanamume ambaye sauti yake tu ndiyo iliyofika, maana alisimama nje ya upana wa spika. Alimwambia mama atoke usiku huu, nyumba ya tatu imeshaanguka, na ukuta huu alishauona tangu nje umeinama. Akamwuliza kama hana watoto wa kwenda kwao.

"Ninaye binti," mama alisema. "Kwao ni padogo. Na wewe acha kunitisha na ukuta." Akageuka. Alinyoosha mkono, akaupiga ukuta kwa kiganja, paa, paa, sentimita chache tu kutoka kwenye vidole vya binti yake, akausukuma kuujaribu, na binti akaushikilia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. "Unaona? Wewe mwenyewe tazama. Mvua yote hii, umesimama. Ukuta mzima huu."

Besi iliyabeba maneno hayo mpaka kwenye kabati, na vikombe vikaitikia.

"Umemsikia?" Panatosha aliwageukia wageni wake, kisha akamgeukia mkewe, kwa upole, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mwenyewe kasema. Ukuta mzima, mama watoto, sasa wewe unahangaika na nini?"

Mke alikuwa amebana pumzi.

"Basi inama kidogo," alisema Panatosha. "Unaziba matokeo."

Aliinama. Mikono hakuitoa.